Utangulizi kwa Anayeingia Kazi ya Masoko

Huenda wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya biashara. Huenda umemaliza chuo na sasa unazungusha barua za maombi ya kazi. Au umeuza mitumba kwa miaka na umeanza kujiuliza kwa nini jirani yako wa meza ya pili anakuzidi mauzo ilhali mnafungua robota la aina moja. Nyote mna nafasi katika fani hii, tena huyu wa mwisho ana mtaji ambao wenzake wawili watahangaika kuupata: ameshasimama mbele ya mteja, akakataliwa, na kesho yake akarudi palepale.

Wengi wanaochagua kusoma masoko hunieleza kwamba wamevutiwa na matangazo. Wanapenda mabango, wanapenda vibwagizo vya redioni, wanapenda picha nzuri za Instagram. Sina ugomvi na hayo. Ila tangazo ni hatua ya mwishomwisho, na ofisi nyingi hulikabidhi kwa kampuni ya nje. Kinachobaki ndani, ambacho ndicho utakacholipwa mshahara kukijua, ni mnunuzi: anaishije, hela yake inaingia siku gani na inatoka vipi, nani nyumbani mwake anaamua kinunuliwe nini, na kero ipi yeye mwenyewe anaiona kuwa kero. Ukiteleza hapo, bango hata liwe refu kama ghorofa halitakuokoa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika fani hii hauhusu soda wala simu. Unahusu vyandarua. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majaribio ya kitaalamu katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, yalikuwa yameonyesha kwamba chandarua kilichotiwa dawa huokoa maisha ya watoto. Swali likahama kutoka hospitali likaenda dukani: watu wa vijijini watakipataje, na je, watakubali kutoa hela yao kukinunua? Mradi mmoja uliotafuta jibu, uliojulikana kwa jina la KINET, ulifanyika katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, Tanzania, chini ya watafiti wa kituo cha utafiti cha Ifakara na wenzao kutoka Uswisi.

Kabla ya kuuza walikwenda kuuliza. Watu waliijua malaria na waliijua homa. Lakini degedege, ile hali ya mtoto kukakamaa na kutetemeka ambayo daktari mara nyingi huiona kuwa ni malaria kali, kwa wazazi wengi ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo chake na mganga wake. Sasa mfikirie afisa anayesimama kwenye mkutano wa kijiji na kutangaza kwamba chandarua kinazuia degedege. Akina mama wangetazamana tu na kusubiri amalize. Mbu, kwa upande mwingine, hakuhitaji kuelezwa kwa mtu. Bonde la Kilombero ni nchi ya mito na majaruba ya mpunga, na masika mbu wake hawamwachi mtu afumbe macho. Waliokuwa na vyandarua tayari walivitaka ili walale. Basi bidhaa ikaingia sokoni kwa jina la Zuia Mbu, jina lisilotaja ugonjwa wowote. Mnunuzi alinunua usingizi, na kinga ya malaria akaipata humohumo.

Waliouza nao walichaguliwa kwa jicho hilohilo. Wenye maduka walikuwemo, lakini pia viongozi wa vijiji, viongozi wa dini na watumishi wa zahanati, yaani watu ambao mwanakijiji anawaamini tayari na anakutana nao bila kupanda gari. Kliniki ya mama na mtoto ikatoa hati za punguzo. Ndani ya miaka mitatu, katika eneo lililokuwa likifuatiliwa kwa karibu, watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua walipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vilivyotiwa dawa na ongezeko la asilimia 27 la watoto kuishi, kwa wale wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Sijui fani gani nyingine ya biashara inayoweza kuweka takwimu ya namna hiyo mezani.

Nisingekupa mfano huu kama ungeishia kwenye ushindi. Kulikuwa na bidhaa ya pili, pakiti ya dawa ya kuchovyea chandarua upya baada ya miezi kadhaa, na hiyo ilikwenda kwa kusuasua. Kaya iliyotoa hela nzuri kununua chandarua haikurudi kununua dawa ambayo bei yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha. Mimi naona sababu iko wazi: chandarua unakiona, unakifunga, unakifua, kikitoboka unashona. Dawa huioni ikiwepo wala ikiisha. Ungeweza kumwaga matangazo ya redio mwaka mzima na bado mama angekuwa na jambo la haraka zaidi la kufanya na fedha ile. Ufumbuzi uliodumu ulitoka kiwandani. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza, kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani, vyandarua ambavyo dawa imo ndani ya nyuzi zenyewe na inakaa miaka. Kuchovya kukafutwa. Likumbuke hili siku bosi atakapokutaka uongeze bajeti ya matangazo kwa ajili ya kitu kinachowachosha wateja kukitumia.

Kisha likaja suala la bei. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha Hati Punguzo kwa wajawazito nchi nzima, kwa imani kwamba mtu hukithamini alichokilipia. Imani hiyo ina wafuasi wengi hata leo, na inaonekana ya busara. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za Marekani tu, waliochukua vyandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na hawakupata ushahidi kwamba waliolipa walivitumia zaidi ya waliopewa bure. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshageukia kugawa bure au kwa ruzuku kubwa, tangu mwaka 2007, na Tanzania ilikwishaanza kugawa vyandarua bure kwa mamilioni.

Baadhi ya wenzangu hawapendi kumalizia hadithi hii hapo kwa sababu inaifanya fani yetu ionekane imeshindwa. Mimi naona kinyume. Mtu wa masoko aliyeiva anajua kupima ni wapi soko linafanya kazi na ni wapi halifanyi, na ana ujasiri wa kumwambia hivyo aliyemwajiri. Ambaye hajaiva hudhani kila tatizo ni la kukosa matangazo.

Usidhani pia kwamba haya yote yaliletwa na vitabu vya Wamarekani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa Zanzibar anajiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alilazimika kulisoma soko la bara kabla hajafunga mizigo. Aligundua kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo lakini kwingineko hazikuwa na thamani yoyote. Nyeupe zilipokelewa Ufipa na zingedharauliwa Ukonongo. Wanyamwezi walitaka nyekundu. Shanga kubwa mithili ya yai zilikwenda Ujiji, na kwingine ungerudi nazo mgongoni. Msafara uliobeba rangi isiyo yake ulikuwa na mzigo uliododa na matumbo matupu, kwa kuwa shanga ndizo zilizonunua chakula njiani. Leo mwanafunzi husoma kitu hichohicho chini ya kichwa cha kugawa soko katika makundi, akidhani ni uvumbuzi wa juzi.

Kitambaa cha merikani kina historia ya aina hiyo. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakikileta Zanzibar, na baada ya Sultani Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833 kilishika soko la bara kwa miaka mingi. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vikakata pamba, shehena zikakauka, na baadaye viwanda vya Bombay vikaingia kwenye pengo hilo. Wanunuzi wa bara walikuwa wagumu: walijua uzito wa nguo, walijua upana, na kisichowaridhisha walikikataa. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameandika vizuri kuhusu jinsi uchaguzi wa watu wetu ulivyofika hadi kwenye viwanda vya mbali. Msome. Kwa maoni yangu yeye ana faida kwa mwanafunzi wa masoko wa hapa kuliko nusu ya vitabu vya kiada tunavyoagiza.

Vitabu vya kiada navyo vina kazi yake. Mwaka 1960 E. Jerome McCarthy alipanga maamuzi ya masoko katika mafungu manne, bidhaa, bei, usambazaji na promosheni, na mpangilio huo bado ndio mifupa ya karibu kila somo la mwanzo, likiwemo hili. Mwaka huohuo Theodore Levitt alionya kwamba kampuni zinazojitambulisha kwa kile zinachotengeneza, badala ya haja zinayomtimizia mteja, hujichimbia kaburi. Philip Kotler akatoa mwaka 1967 kitabu kikubwa ambacho matoleo yake mapya yangali yakisomwa vyuoni. Utakutana nao wote. Wasome bila kuwaabudu.

Tukirudi kwetu, M-Pesa inafaa kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa na wanaoisifia. Jaribio lake la mwanzo nchini Kenya, mwaka 2005, lilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kulipa marejesho kwa simu. Watu walipokabidhiwa huduma hiyo wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana fedha, kulipana, kuweka hela kwenye simu wanaposafiri ili wasitembee na noti mfukoni. Mhandisi mwenye kiburi angesema wanaitumia vibaya. Timu ile ilifuata walikokwenda watumiaji, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kwa kijana wa Nairobi mwenye wazazi Kakamega, hakukuwa na la kufafanua.

Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008, jina likiwa lilelile, ilianza polepole. Nchi ni pana, mawakala walikuwa wachache na wametawanyika, na Vodacom haikuwa imelishika soko la simu kwa mkono mmoja kama Safaricom ilivyolishika la Kenya. Ilibidi kwanza mtandao wa mawakala ujengwe upya kwa namna inayoifaa nchi hii. Ndiyo maana huwa nashtuka nikisikia mtu anapendekeza mkakati kwa sababu tu ulifanya kazi Nairobi, au Lagos, au mahali popote pengine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana huenda umeingia huku kwa ajili ya kula.

Ajira ya kwanza haitakuwa ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Itakuwa ya kupanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi, au kuzunguka na gari la mauzo kuanzia alfajiri, au kuvaa fulana ya kampuni na kuonjesha watu juisi, au kufuatilia madeni kwa wenye maduka wanaokuona kwa mbali wakaingia chumba cha nyuma. Ichukue. Miaka miwili ya namna hiyo itakufundisha nani hasa anaamua nini kiuzwe. Mara nyingi si mtengenezaji wala mlaji: ni mwenye duka. Yeye ndiye anayeamua ni juisi ya nani ikae mbele kwenye friji. Mteja akiuliza, "Ipi nzuri?" jibu lake lina nguvu kuliko tangazo la televisheni la mwezi mzima.

Jifunze hesabu pia, hata kama uliikimbia sekondari. Chukua mfano huu wa kubuni. Chupa ya juisi inakugharimu shilingi 550 kutengeneza. Unamuuzia mtu wa jumla kwa 700, yeye anamuuzia mwenye duka kwa 800, na mwenye duka anauza 1,000. Mkurugenzi anasema mauzo yamelala, tushushe bei kwa mlaji iwe 900, ni shilingi mia tu. Lakini mwenye duka hakubali kupoteza mia mbili yake, na wa jumla haachi mia yake. Kwa hiyo mia yote inatoka kwako: unauza 600, na faida yako imetoka 150 hadi 50. Ili ubaki palepale ulipokuwa lazima uuze chupa mara tatu ya zile za mwanzo. Anayeweza kuifanya hesabu hii kichwani kwenye kikao, kwa upole, bila kumwaibisha mkurugenzi, hatakaa sana kwenye gari la mauzo.

Kuhusu mitandao ya kijamii nitasema machache, kwa kuwa sura ya saba imejaa mambo hayo na nusu yake huenda itakuwa imepitwa na wakati utakapoisoma. Zana zinabadilika, ila maswali ni yaleyale. Wafuasi elfu kumi ambao hawanunui si soko. Na kama unauza magauni mtandaoni, tafadhali andika bei. Ile tabia ya kumwambia mteja "bei njoo inboksi" humfanya ahisi unataka kwanza kumpima mfuko, na wengi hupita bila kuuliza.

Kuna jambo la maadili ambalo huwa silisogezi hadi sura ya mwisho, mahali vitabu vingi vinapolizika. Ujuzi wa kumjua mnunuzi unaweza kumdhuru. Kampuni za maziwa ya kopo zilijua vizuri wasiwasi wa mama mchanga, zikautumia kuuza katika nchi ambazo maji safi yalikuwa shida. Mgomo wa kususia bidhaa za Nestlé ulianza Marekani mwaka 1977, na mwaka 1981 Baraza la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa yanayochukua nafasi ya maziwa ya mama. Waliobuni matangazo yale walikuwa na vyeti kama utakavyokuwa navyo wewe. Siku hizi kishawishi kingine ni orodha za namba za simu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtu akikuletea namba za watu wasiojua kuwa wamo kwenye orodha, mrudishie.

Vyuo vipo. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kimekuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 1965, na shule za biashara za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi hufundisha masoko hadi ngazi za juu. Cheti kitakufungulia milango ambayo bila hicho haifunguki, hasa serikalini na kwenye mabenki. Lakini anayeniuliza aanze wapi leo, kabla ya ada na kabla ya usajili, mimi humpeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Viwanja vya barabara ya Kilwa mwezi Julai ni darasa: banda hili limejaa, la jirani lina watumishi watatu wanaochezea simu, na bidhaa zao zinakaribiana. Simama katikati uangalie kwa nini.

Kama Julai iko mbali, kuna zoezi ambalo naomba ulifanye kabla ya kufungua sura ya kwanza. Omba ruhusa kwa mwenye duka la mtaani kwenu ukae kwenye benchi lake kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, wakati watu wanarudi kutoka kazini. Chukua daftari. Andika kila mteja alichoomba kwa maneno yake mwenyewe: aliyesema "nipimie mafuta ya elfu moja," aliyesema "nipe Blue Band," mtoto aliyetumwa sabuni na kukabidhiwa ile iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Andika nani alitaja jina la bidhaa na nani hakutaja, nani aliuliza bei, nani aliondoka mikono mitupu. Usimshauri mtu yeyote kitu chochote. Maswali yote ya sura ya kwanza yanajibiwa kutoka kwenye daftari hilo, kwa hiyo lilete.